Kompresa "imekufa", na hakufungua hata skrubu moja

Fundi wa ile kampuni iliyotufungia AC alifika kwetu Mbezi, akaweka kiganja mbele ya AC ya chumbani kwa mama iliyoacha kupoza, akatoka nje, akasimama mbele ya mashine ya nje kama dakika mbili, akarudi. "Dada, kompresa imekufa. Nunueni AC mpya." Yaani ile pampu ya mashine ya nje inayozungusha gesi. Bisibisi hakuitoa kwenye begi. Mita hakuja nayo kabisa.

Ilikuwa lile joto la mwanzo wa mwaka, mama ana presha na usiku halali. Ningelipa siku hiyohiyo. Nikauliza tu, kama imekufa, mbona huko nje feni inazunguka na kuna kitu kinanguruma halafu kinanyamaza? Hata usoni hakunitazama: "Haya mambo ya kitaalamu dada, niachie mimi." Akaandika bei palepale, 1,800,000 pamoja na kufunga, na nikamlipa 30,000 ya ukaguzi. Ukaguzi upi jamani?

Jirani akaniitia kijana wa mtaani. Alianza na chujio, lilikuwa limeziba kwa vumbi, na hilo nakubali ni letu. Kisha akazima umeme kwenye sakiti breka, akafungua kifuniko cha mashine ya nje, akatoa chaji iliyobaki, akanionyesha kikopo: kapasita, ndiyo inayoisukuma kompresa ianze kuzunguka. Ubavuni imeandikwa 35. Mita ikasoma 11. Kumbe kompresa ilikuwa inajaribu kuwaka, inashindwa, inapata moto, inajikata. Akaipima na yenyewe, nzima! Kapasita 25,000, ufundi 20,000. Jioni ile mama akaomba shuka.

Nataka kutenda haki. Hao hao ndio walioifunga AC hii miaka kadhaa nyuma, na kazi ilikuwa safi, mabomba yamenyooka, maji hayajawahi kudondokea ndani hata siku moja. Nilikaa hapa niwape nyota tatu, niseme labda ni fundi mmoja tu.

Lakini kuna la gesi. Walinijazia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kila safari wakisema imeisha. Kijana alishangaa. Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni, inazunguka humohumo kwenye mabomba, na ikipungua basi pana mahali inavuja. Akapaka povu la sabuni kwenye nati zote, hakuna hata kipovu. Akapima presha ya gesi, iko sawa. Sasa ile hela yangu ililipia nini? Na kwa nini hakuna kati yao aliyewahi kutafuta panapovuja?

Nyota moja, na hiyo ni ya yale mabomba. Tena hapana, naifuta. Jana wamenipigia simu, wanauliza AC mpya nailipia lini.