Fundi wa pikipiki za umeme Kariakoo, mota imetulia

Pikipiki yangu ya umeme ilikuwa inatetemeka kila nikiondoka, ukivuta eksileta tairi la nyuma linashtukashtuka kwanza ndo linaenda, huko nilikonunulia wakasema mota imekufa ninunue mpya, bei yenyewe acha tu. Huyu jamaa hakukimbilia kufungua mota. Kachomoa zile waya tatu nene za mota kwenye kontrola, kile kiboksi kinachogawa umeme kwa mota, akawa anagusanisha mbili mbili huku anazungusha tairi kwa mkono, tairi likawa zito vilevile kwa zote, akasema koili za mota nzima hizi. Akarudishia, akawasha, akaweka mita kwenye waya za sensa, zile zinazoiambia kontrola sumaku za mota ziko wapi, upande wa kontrola, tairi likizungushwa polepole kila waya inatakiwa iruke kati ya karibu 0 na volti 5, ya njano ikaganda kwenye 5 haishuki. Yani kontrola haijui sumaku ziko wapi, inarusha umeme kwa kubahatisha! Kumbe plagi ya sensa iliingia maji, pini imeliwa na kutu. Kabadilisha pini, kimyaaa. Bei poa sana. Nyota 4, moja nimekata kwa ajili ya foleni, halafu hata benchi la kukalia hamna.