Arusha hadi Serengeti kwa ndege ndogo: kilo 15, saa na viti

Nimepanda mara kadhaa ndege za kampuni moja ndogo inayotumia Cessna Caravan kati ya Arusha, Manyara, na viwanja vya Seronera na Kogatende ndani ya Serengeti. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya taarifa za saa, nitaeleza. Kwanza kilo 15 za mzigo anazoruhusiwa kila abiria, maana ndizo zinazozua mabishano kaunta kila asubuhi.

Kilo hizo ni za kila kitu: begi kubwa, begi la mgongoni, kamera na lenzi zake. Wengi hudhani begi la mkononi haliingii kwenye hesabu. Linaingia. Caravan hairuhusiwi kuruka ikizidi tani 4 hivi, na ukiondoa uzito wa ndege tupu, rubani, abiria, mizigo na mafuta hugawana tani moja na nusu tu au kidogo zaidi. Abiria 12 wa kilo 80 ni kilo 960. Mabegi yao yakiwa ya kilo 15 ni 180, na rubani naye ana kilo zake. Tayari umepita 1,200 na mafuta hujayatia. Sasa kila mmoja akija na kilo 23 kama alivyozoea kwenye ndege kubwa, zinaongezeka kilo 96, yaani mtu mzima mwingine ambaye hana kiti. Mafuta nayo hayapunguzwi ovyo, kwa sababu kiwanja kikifungwa na mvua rubani lazima aweze kwenda kingine au kurudi alikotoka.

Tena viwanja hivi viko juu. Arusha ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Seronera ni zaidi ya 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi: mabawa yanabeba kidogo, injini inapungua nguvu, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana nimependa kwamba hapa abiria mwenyewe hupandishwa kwenye mizani, hawakisii. Ukiwa na zaidi ya kilo 100, sema mapema unapokata tiketi ili wapange viti na mizigo vizuri.

Begi liwe laini, lisilo na fremu. Mizigo mingi huingia kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege, refu lakini fupi kwa kimo kama droo, na begi gumu halikunjiki kufuata umbo lake. Isitoshe, fremu na magurudumu peke yake yanaweza kula kilo 3 au 4 kati ya zile 15. Ukizidi, uliza mapema kama unaweza kulipia kiti kwa ajili ya mzigo. Mitungi ya gesi ya jiko la kambi haipandi kabisa, na pawabenki hukaa nawe, si kwenye sanduku. Nguo zikinge na vumbi kwa mifuko ya kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019.

Sasa saa. Ndege hizi hufanya kazi kama daladala: zinatua palipo na abiria. Mpangilio wa vituo hukamilishwa jioni ya kuamkia safari, kwa hiyo ndege iliyoandikwa saa mbili asubuhi inaweza kuondoka saa moja na nusu. Hilo silalamikii. Ninacholalamikia ni kwamba mabadiliko yalitumwa kwa wakala peke yake, wakati namba ya simu ya abiria wanayo. Usisubiri. Piga mwenyewe saa kumi na moja jioni, uulize saa mpya, idadi ya vituo, na jina la kiwanja utakachoshukia. Arusha hadi Seronera moja kwa moja ni saa moja hivi. Vituo vikiwa vitatu inafika mbili, na ndani hakuna choo.

Jina la kiwanja lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kogatende iko kaskazini karibu na mto Mara, Ndutu iko kusini, na kati yake ni saa nyingi za gari. Machi hadi Mei udongo mweusi ukilowa, ndege huweza kuhamishiwa kiwanja kingine, basi kambi yako iwe na namba ya kampuni ili gari lisiende pabaya.

Kiingilio cha hifadhi hakimo kwenye tiketi, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, haipokei fedha taslimu. Hakikisha kimelipwa kabla.

Viti havina namba. Ukienda Serengeti asubuhi, kushoto kwa kawaida utaona ziwa Manyara na Ngorongoro, kulia Ol Doinyo Lengai. Bawa liko juu, halizuii kitu, ila viti vya katikati vina nguzo ya bawa na gurudumu ndani ya picha. Nyuma ni pasafi zaidi, lakini panarusha zaidi. Vua kichujio cha mng'ao (polarizer) kwenye lenzi: kikikutana na dirisha la plastiki kinaleta michirizi ya rangi kama upinde wa mvua. Mwenye tumbo jepesi achague ndege ya asubuhi, kwani baada ya saa sita hewa ya moto juu ya kingo za Bonde la Ufa hutikisa ndege kweli kweli.

Rubani akishuka chini kisha akapaa tena bila kutua, usishtuke. Anafukuza pundamilia na swala kiwanjani, atazunguka arudi. Ukishuka, tembea kuelekea mkiani, kamwe usipite mbele ya bawa kwenye propela. Na usiingie garini kabla hujaliona begi lako likiwa chini. Mabegi ya vituo vyote hukaa sanduku moja, na lako likiendelea na safari hadi Kogatende, linaweza kurudi kesho.