Shujaa Mwenye Kazi ya Kufanya: Riwaya Nilizosoma kwa Mwezi Mmoja

Kwa mwezi mzima nimesoma riwaya za aina moja tu: za vijana na za fantasia ambazo wahusika wake wakuu ni wapenzi wa jinsia moja, au ni watu waliozaliwa wakahesabiwa katika jinsia isiyo yao. Nilimaliza tano mpya kwangu, na mwishoni nikairudia moja niliyoisoma miaka mingi iliyopita. Nimezifurahia kuliko nilivyotarajia. Kadiri siku zilivyosonga, nilianza kuona kwamba zile zilizonikosesha usingizi zilifanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba shujaa wake ana kazi ya kufanya, kazi yenye muda wake na hatari yake, na mapenzi humkuta njiani akiwa bado ameubeba mzigo huo.

Mfano ulio wazi kabisa ni Cemetery Boys ya Aiden Thomas, iliyotoka mwaka 2020. Yadriel, kijana wa miaka 16, anaishi makaburini mashariki mwa Los Angeles katika jamii ya waganga wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wamejaliwa kuwaona wafu. Katika jamii hiyo wanawake huponya wagonjwa, na wanaume huziachilia roho kwa kukata, kwa jambia, uzi wa dhahabu unaozifunga na dunia. Kwa kuwa kazi zimegawanywa kwa jinsia, na kwa kuwa ukoo ulimlea kama msichana ilhali yeye ni mvulana, Yadriel ananyimwa sherehe ya kukabidhiwa jambia lake. Anaifanya mwenyewe kwa siri, akisaidiwa na binamu yake Maritza, na Bibi Mauti, ambaye jamii nzima humwabudu, anampokea bila kusita. Hapa ndipo nilipomvulia mwandishi kofia: swali la kama Yadriel ni mvulana linajibiwa na mamlaka ya juu kabisa katika kurasa za mwanzo, kisha kitabu kizima kinabaki na wanadamu wanaochelewa kulikubali jibu ambalo limekwisha kutolewa.

Kazi yenyewe inaharibika mapema na kwa namna ya kupendeza. Akiwa anamtafuta binamu yake aliyekufa ghafla, Yadriel anaita mzuka usio wake: Julian, mvulana mtukutu wa shuleni kwao, ambaye anakataa kata kata kwenda zake mpaka ahakikishe marafiki zake wako salama. Siku ya Wafu, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, inakaribia, na kila ukurasa unaopita unamfanya Yadriel ampende zaidi mtu ambaye wajibu wake ni kumwachilia. Mhalifu atatambuliwa na msomaji makini kabla ya nusu ya kitabu, na huo ni udhaifu wa kweli, lakini haukunipunguzia hamu.

Nikiwa katika riwaya hiyo, nilijikuta nikiyasikia mazungumzo ya familia kwa Kiswahili. Katika Kiingereza, Yadriel huumizwa na kiwakilishi kisichomfaa, kidonda ambacho lugha yetu isingeweza kumtia, kwa sababu "yeye" ya Kiswahili haibagui mwanamume na mwanamke. Hata hivyo tungemuumiza kwa "binti yangu", kwa "dada", kwa "mwali", maana Kiswahili hunyamaza kuhusu jinsia katika sarufi na kuitangaza katika undugu. Atakayeitafsiri riwaya hii siku moja atalazimika kufanya kazi kubwa katika majina ya kuitana, na ningependa sana kuisoma tafsiri hiyo.

Pet ya Akwaeke Emezi, mwandishi aliyezaliwa Nigeria, ni fupi na kali, na kama ningeruhusiwa kumpa mtu kimoja tu kati ya vitabu hivi, ningempa hiki. Kilitoka mwaka 2019 na kuingia fainali ya tuzo ya taifa ya vitabu nchini Marekani katika fasihi ya vijana. Katika mji wa Lucille, watu wazima wamewafundisha watoto kwamba mazimwi yote yalikwisha kufagiliwa. Jam, msichana anayependelea lugha ya alama kuliko sauti, anajikata kwa bahati mbaya kwenye mchoro wa mama yake, damu inadondoka, na kutoka katika mchoro huo anatoka kiumbe mwenye pembe na manyoya akisema kwamba amekuja kuwinda zimwi lililojificha katika nyumba ya rafiki yake mkubwa, Redemption. Kwamba Jam alipozaliwa alidhaniwa mvulana linasimuliwa kwa muda mfupi tu: neno lake la kwanza kabisa, akiwa na miaka mitatu, lilikuwa la kuwasahihisha wazazi wake, nao wakasikia. Baada ya hapo jambo hilo si fumbo wala jaribu. Fumbo ni jinsi watu wema wanavyoshindwa kuona uovu kwa sababu walishajiambia kuwa umekwisha. Niliposoma sura ambazo Jam anajaribu kuwaambia wakubwa zake, nilikiweka kitabu chini mara mbili kwa hasira.

The Priory of the Orange Tree ya Samantha Shannon si ya vijana hasa, na ina kurasa zaidi ya 800 ambazo zinahitaji uvumilivu mwanzoni, kwa maana majina na falme humiminika kama mvua. Ila ina wazo moja zuri mno. Malkia Sabran anampenda Ead, mwanamke aliyetumwa kwa siri kumlinda, na hakuna anayeshtuka kwamba wote ni wanawake. Kinachowabana ni imani ya ufalme kwamba joka kuu litabaki kifungoni maadamu ukoo wa malkia unaendelea kuzaa, hivyo mwili wake ni mali ya ulinzi wa nchi. Vita vya mwisho vinapita haraka mno baada ya maandalizi marefu kiasi hicho.

Kuhusu The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune, moyo wangu umegawanyika. Linus Baker, mkaguzi wa serikali mwenye miaka 40, anatumwa kwa mwezi mmoja kuandika ripoti juu ya makao ya watoto sita wa ajabu kisiwani, akiwemo mtoto wa Ibilisi, na mmoja asiye na umbo la kueleweka ambaye ndoto yake ni kubeba mizigo ya wageni hotelini. Huyo wa mwisho nilimpenda kupita kiasi. Mapenzi kati ya Linus na Arthur, mlezi wa watoto, yanakua taratibu kama inavyofaa kwa watu wa umri wao. Lakini wahusika hutamka mafunzo yao waziwazi mno. Isitoshe, mwandishi mwenyewe alieleza kwamba wazo lake lilichochewa kwa sehemu na habari za watoto wa wenyeji asilia wa Kanada walioondolewa kwa wazazi wao, na wapo wasomaji waliokasirika kuona historia hiyo ikigeuzwa hadithi tamu. Naona wana haki.

Last Night at the Telegraph Club ya Malinda Lo, iliyoshinda tuzo hiyohiyo ya taifa mwaka 2021, haina uchawi wowote. Ni San Francisco ya mwaka 1954. Lily, msichana wa mtaa wa Wachina, anaota roketi, na mwenzake Kath anataka kurusha ndege. Wasichana wawili wenye hesabu za kufanya na kilabu cha usiku cha kuingia kwa kujificha, wakati serikali inawasaka wakomunisti na karatasi za uraia za baba yake Lily ziko hatarini: kila kosa la binti linaweza kuigharimu familia nzima. Haraka huja akilini riwaya ya Nancy Garden ya mwaka 1982, Annie on My Mind, ambayo nakala yake ilichomwa moto hadharani huko Kansas City mwaka 1993. Wakati huo kupendana tu kulitosha kuwa kisa kizima. Lo ameongeza vyumba kwenye nyumba hiyo, na kila chumba kina watu.

Niliyoirudia ni Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe ya Benjamin Alire Sáenz, ya mwaka 2012, nayo ilinivurugia hoja yangu yote. Ari ana miaka 15, ni kiangazi cha mwaka 1987 huko El Paso, na hana kazi yoyote. Hakuna zimwi, hakuna jambia, hakuna malkia. Ana baba asiyezungumzia vita alivyopigana Vietnam, na kaka aliye gerezani ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Anakwenda kwenye bwawa la kuogelea ingawa hajui kuogelea, na mvulana asiyemfahamu anamwambia kwamba anaweza kumfundisha.