Lenzi za sklera kwa macho yaliyoharibiwa na Stevens-Johnson: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu: ni ghali. Kila lenzi hutengenezwa kwa kipimo cha jicho lako peke yako, na bima yangu ilikataa kulipa ikidai eti ni mambo ya urembo. Urembo gani? Mimi nilimeza Septrini, nikapata ugonjwa wa Stevens-Johnson, yaani mwili kuikataa dawa vibaya hadi ngozi na macho vinaungua na kutoka malengelenge. Ngozi ilipona. Macho yalibaki makavu, na kingo za kope zikaota makovu yanayokwaruza konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kila nikipepesa. Matone ya machozi bandia yalikuwa hayakai hata dakika chache. Zile lenzi laini za bandeji nazo zilikauka zikadondoka.

Lenzi ya sklera ni pana, kipenyo chake milimita 15 hadi 20 na ushee. Konea haiigusi kabisa. Inakaa juu ya sklera, yaani weupe wa jicho, na nafasi iliyobaki katikati hujazwa maji ya chumvi, kwa hiyo jicho linashinda limelowa na kope zinakwaruza plastiki badala ya kunikwaruza mimi. Wazo lenyewe ni la zamani. Lenzi za kioo za daktari wa macho Adolf Fick, mwaka 1888, zilikaa kwenye weupe vivyo hivyo, ila hazikuvumilika kwa saa nyingi kama hizi zinazopitisha hewa.

Kuzivaa ndiko kwenye kazi. Unaiweka lenzi juu ya kipira cha kunyonyea, unaijaza maji ya chumvi pomoni, kisha unainama mpaka uso unatazama meza. Vidole viwili vinapanua kope, na unaipandisha lenzi taratibu huku ukiitazama bila kukwepa. Maji yakimwagika, kiputo cha hewa kimeingia. Utaona kivuli kinachoelea, na hapo hakuna dawa ila kutoa na kuanza upya. Kuvua, kipira hubandikwa pembeni mwa lenzi, kamwe si katikati.

Jozi yangu ya kwanza ilibana. Jioni nikivua, nabaki na duara jekundu kwenye weupe. Kliniki Nairobi ilinizungusha wee kabla ya kukubali kuitengeneza upya, na safari za kutoka Mombasa kila mara si mchezo. Ya pili imekaa sawa. Siku hizi napita Kongowea upepo wa kaskazi ukivumisha vumbi, macho wazi, bila kitambaa usoni.

Kasoro zipo. Mchana maji ya ndani huingia ukungu, lazima nivue, nisuuze na kujaza tena. Maji hayo yawe ya chumvi yasiyo na dawa ya kuhifadhi, na chupa ndogo za kutumia mara moja si kila duka la dawa linazo. Maji ya bomba ni mwiko, yanaweza kuwa na vijidudu vya akantamiba vinavyoweza kukupofusha. Kulala nazo pia hapana.

Kama wewe ukavu wako ni wa kukodolea simu, matone yatakutosha, usijitie gharama. Wenzangu wa Stevens-Johnson, na wa Sjögren, ule ugonjwa unaokausha macho na mdomo, ombeni kuvalishwa zile za majaribio kabla ya kulipa chochote. Zikishatulia nusu saa hivi, toka nje ya kliniki usimame juani, uone kama bado unafumba macho.