Uzoefu wangu na kona za silikoni za kubandika kwenye meza (Mwanga, Kigoma)

Naanza na muuzaji, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike simu niandike. Kona zenyewe nitazisema. Lakini kitu cha elfu nane kubanduka kinasameheka. Maneno aliyonitolea yule kaka mbele za watu mpaka leo hayajanitoka rohoni.

Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Wenye watoto mnaijua hatua hiyo: anashika chochote kilicho mbele yake, anajivuta, anaachia mikono, anakwenda chini. Na mtoto wa umri huo kichwa ni kizito kwa mwili wake, kwa hiyo akianguka kichwa kinatangulia. Meza yetu ya sebuleni ni ya mninga, mbao nene, kona zake nne kali, na urefu wake unalingana na paji la uso la mtoto aliyesimama. Fundi aliyeichonga hana kosa, meza za huku karibu zote ziko hivyo. Mtoto alikuwa ameshapata nundu, tena ya kutisha kuitazama, maana paji la uso huvimba upesi: ngozi ni nyembamba, mishipa ya damu ni mingi, na mfupa uko hapo hapo chini. Nikamwekea barafu niliyoifunga kwenye kanga, kama dakika kumi hivi, ikashuka.

Jirani ndiye aliyeniambia kuna kona za silikoni za kubandika. Nikazikuta Mwanga, kwenye duka la vitu vya watoto. Zinapitisha mwanga, ukubwa wa ndimu changa, zina pango la kuingilia kona ya meza. Muuzaji mwenyewe akanisifia: "Mama, hii ukibandika umebandika. Hata wewe kuitoa utatafuta kisu." Nikachukua za meza, na mkanda mrefu wa sponji wa kubandika kwenye kingo.

Nilifanya kila alichonielekeza. Nilifuta meza kwa spiriti, nikasubiri ikauke, nikabandika, nikakandamiza kila kona mpaka kidole gumba kikauma, nikaziacha usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi zilikuwa zimeshika vizuri, mimi mwenyewe nilizivuta nikaridhika.

Haikufika hata wiki. Niko jikoni nachambua dagaa, nikasikia sebuleni kimya. Kimya cha mtoto huyu si cha heri. Nikamkuta amekaa chini ya meza, udenda unamtiririka mpaka kifuani, shavu moja limetuna, na katikati ya fizi kuna kitu kinang'aa. Kwa kuwa nilikuwa nakiona, nilikichomoa kwa kidole cha shahada. Ilikuwa kona ya silikoni, nzima, na ile gundi yake ya pande mbili ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye silikoni. Mezani hapakubaki hata doa. Yaani gundi ilikuwa imeshikana na kona tu, na vanishi ya meza haikuishika kabisa.

Mikono ilinitetemeka muda mrefu. Kisha nikachukua lile bomba la karatasi la katikati ya toilet pepa, nikaidondosha ile kona ndani. Ikapita yote, bila kugusa pembeni. Wanaopima vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka mitatu, Marekani na Ulaya, wana kopo lao lenye upana wa milimita 31.7, kinachozama chote ndani ya kopo hilo hakiruhusiwi, kwa sababu kinaweza kuziba koo. Bomba la karatasi ni pana kidogo kuliko kopo hilo, lakini kwa nyumbani linatosha kukustua. Kitu nilichonunua ili mtoto asipate nundu kingeweza kumkatia pumzi.

Nikarudi dukani. Sikwenda kwa shari. Nilimsalimia, nikasema, "Kaka, hizi kona zimebanduka, na moja nimeitoa kinywani mwa mtoto. Naomba uzipokee, au unirudishie hata nusu ya hela." Hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema, "Sasa mama, mtoto asipoanguka atakuaje? Wewe ulikua na kona za plastiki?" Vijana waliokuwa pale mlangoni wakacheka. Alipoona wamecheka akaongeza, "Nenda ukamshike mwanao, usimwachie meza ikulelee." Halafu akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anachagua soksi za mtoto. Akanishika mkono taratibu, akaniambia, "Mwanangu, nenda zako." Nikaondoka. Machozi yalinitoka barabarani, si kwa ajili ya hela.

Nataka nimjibu hapa, kwa kuwa pale nilikosa pumzi. Hakuna mama anayetaka mtoto asianguke. Aanguke, alie, ainuke, ndivyo miguu inavyopata nguvu. Ninachotaka ni kwamba akianguka asikutane na ncha ya mninga. Nundu ya kawaida haimuui mtoto. Lakini akijigonga kisha akatapika mara kwa mara, au akapoteza fahamu, au akalala ukimwamsha haamki, au akashikwa na degedege, au maji au damu ikatoka puani au masikioni, hapo hapana cha barafu, unambeba mbio hospitali ya Maweni. Mtu anayeuza vitu vya watoto halijui hilo? Na ile karatasi ya ukutani haimpi kinga anayodhani anayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo.

Sasa nisije nikaonekana nachafua kila kitu. Ule mkanda wa sponji, haki ya Mungu, ni mzuri. Niliuweka kwenye ukingo wa kitanda na kwenye ngazi ya saruji ya kushukia ukumbini. Mpaka leo upo, mtoto ameshagonga paji lake pale hata sihesabu, analia kidogo anaendelea. Ni mpana, ni mrefu, kuubandua anashindwa na kuumeza hawezi. Kwa mkanda ule peke yake nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu.

Kwenye meza, mama mkwe alikuja kutoka Ujiji, akaangalia, hakusema neno. Akaomba kipande cha godoro la zamani, akakikata, akakikunja kwenye kila kona, akakikaza kwa mpira wa tairi ya baiskeli uliopasuliwa vipande virefu, fundo limegeukia chini ya meza mtoto asikolifikia. Wageni walikuwa wanaishangaa, na mimi nikawaacha washangae. Baadaye fundi seremala wa mtaani akaja na randa na msasa, akaziviringisha kona zote nne, akapaka vanishi upya. Alitutoza elfu tano. Ukipitisha kiganja sasa hakikwami popote. Kwa nini hatukuanzia hapo ni kwa sababu kuna mtu aliniapia kwamba ukibandika umebandika.

Juzi nimepita pale. Kona zile zile zimetundikwa mlangoni, chini kabisa, mahali mtoto anayetambaa anafikia. Zile nyota tatu nazifuta. Mkanda wa sponji ukiuona duka jingine, nunua, utakufaa. Kwake yeye usinunue hata sindano.