Video za kufundisha wazee simujanja: somo la kutuma pesa limeniudhi

Nimelipia seti nzima, na hasira yangu yote iko kwenye somo la kutuma pesa. Kwanza mwalimu anafungua na "Mambo vipi!" Anasema na watu wa miaka sabini, shikamoo hakuna.

Anapiga *150*00#, namba ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, menyu inafunguka, namba inaingia, menyu ya pili imeshakuja. Kidole hakionekani. Amerekodi kioo bila kuwasha alama ya kuonyesha miguso, na kwenye Android 11 na kuendelea alama hiyo imo ndani ya kirekodi cha simu chenyewe. Mzee anabaki kutazama mazingaombwe.

Halafu menyu zile hazisubiri. Ukikawia kusoma, zinajifunga na unaanza upya. Pesa haijaenda popote, simu haijaharibika, ila mzee hajui, na video haisemi. Ndipo wengi wanapoogopa, wakaacha moja kwa moja.

Kubwa kuliko yote ni namba ya siri. Kwenye menyu hizo tarakimu mara nyingi hazifichwi, zinasomeka kama ulivyoziandika. Huyu bwana anaandika 1234 na kuitamka kwa sauti! Mzee anafuata alichoona, anaandika 1234, inakataliwa, anarudia, mwisho huduma inafungwa. Na jina la mpokeaji, kitu cha kusoma mara mbili kabla ya kuthibitisha, limepita bila neno.

Tena video inachezwa kwenye simu ileile anayojifunzia. Akipiga tu ile namba, menyu imeziba video. Nani atakariri somo refu kichwani? Wangelikata vipande vya chini ya dakika moja, kila hatua na kipande chake, au waongeze karatasi moja ya herufi kubwa.

Nikawaandikia. Jibu: "Mjukuu amsaidie tu." Mjukuu angekuwepo, nani angenunua video? Na mjukuu akishaijua namba ya siri, pesa za mzee zinalindwa na nani?

Sasa haki yao niwape. Somo la ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni zuri ajabu, sijui kama ni watu walewale. Kamera iko juu ya mkono. Unashikilia maikrofoni, unaongea, ukiachia umetuma. Ukitelezesha kushoto, umefuta. Ukitelezesha juu, kurekodi kunaendelea kwenyewe, unaongea mkono umepumzika. Mama anayefundisha anaeleza hata kwa nini kioo humkataa mzee: ncha za vidole zimekauka, kwa hiyo tia unyevu kidogo. Na anayekandamiza muda mrefu hadi picha za programu zinahamahama, anaongezewa muda wa kugusa na kushikilia kwenye mipangilio ya ufikivu ("Accessibility"). Kwa somo hilo pekee ningesema nunueni.

Ila sisemi. Pesa ndiyo inayowafanya wazee wengi watake kujifunza, na hapo ndipo walipolipua kazi. Nyota mbili. Tatu, nikiwa nimetulia.

Kama umeshalipa, fungulia video kwenye simu nyingine, mwendo 0.75, simu ya mzee iwe mkononi mwake kwa mazoezi. Iweke kwanza lugha inayolingana na video, maana mwalimu anasema "Settings" na ya mzee imeandikwa "Mipangilio". Anzeni na somo la ujumbe wa sauti. Kutuma pesa mfundishe mwenyewe, kwa shilingi elfu moja, akutumie wewe uliyekaa pembeni yake, na wakati wa namba ya siri geuza uso.