Unga wa kuvu wa mizizi, duka la pembejeo Kongowea

Kwa udongo wetu wa matumbawe, ambako chokaa huikamata fosforasi, kirutubisho cha mmea, unga huu wa kuvu hai wanaoishi na mizizi unastahili bei yake. Mmea hulipa kuvu kwa sukari na mafuta. Kuvu nao hutandaza nyuzi nyembamba kuliko vinywele vya mizizi, zikachota fosforasi mbali mzizi usikofika. Kijiko kimoja cha chai ndani ya shimo la mche wa mpapai chatosha, mradi unga uguse mizizi yenyewe. Kuunyunyiza juu juu ni kutupa pesa. Usiweke DAP nyingi, ile mbolea yenye fosforasi tele: mmea ukishiba fosforasi, huacha kulisha kuvu. Sukuma wiki na kabichi hazishirikiani nao kabisa. Dukani, pakiti zimepangwa dirishani, na joto huua kuvu; omba ya kivulini, utazame tarehe.